Amana ya Mwenye Kuchanganya

Katika mambo madogo ya jikoni, ambayo watu wa elimu huyapita bila kuyatupia jicho kwa kudhani kwamba hikima hukaa vitabuni peke yake, limo jambo la kuchanganya. Nalo, likitazamwa kwa makini, huonekana kwamba liliwashughulisha wanafalsafa wa Uyunani, mafakihi wa Kiislamu na maaskofu wa Kikristo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaza mashine ya umeme ya kusagia matunda. Swali lao, likivuliwa joho la istilahi, ni hili: mtu atwaapo vitu viwili au vitatu ambavyo Mola aliviumba mbalimbali, kila kimoja kwa ladha yake, rangi yake na manufaa yake, akavifanya kuwa kitu kimoja, amefanya nini hasa? Ameongeza, amepunguza, au ameficha? Nimekusudia kulijadili swali hili juu ya bilauri moja ya kinywaji kizito cha maziwa na matunda, ambacho wazee wa pwani wangekihesabu katika jamii ya sharubati na vijana wa leo hukiita smuthi; na bilauri hiyo naiweka mezani Choma, katika wilaya ya Igunga mkoani Tabora, kwa sababu huko viungo vyake hukutana kwa tabia ya nchi yenyewe, na watu wake wana mazoea ya kuuliza maswali kabla ya kunywa.

Choma, au Choma cha Nkola kwa jina lake refu, imo katika nchi ya Manonga, kaskazini ya njia kuu ambayo misafara ya karne ya 19 iliifuata kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kutoka Tabora hadi Ujiji. Ni nchi ya tambarare, yenye mbuga za udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Na watu wake, Wanyamwezi na Wasukuma, pamoja na jirani zao Wataturu ambao riziki yao tangu zamani imefungamana na mifugo, hulima mpunga, pamba, choroko na dengu, na hufuga ng'ombe kwa wingi. Mwezi wa Septemba na wa Oktoba nyasi huwa zimekauka, ng'ombe hukonda, na maziwa huadimika hata katika zizi lililojaa. Kisha mvua za kwanza zinyeshapo majani huchipua, maziwa hurejea, na wakati huohuo maembe huanza kuiva. Kwa hiyo kukutana kwa maziwa na embe katika bilauri moja hakukubuniwa na mtu wa mjini mwenye kutamani mambo mapya. Majira yalikwisha kuvikutanisha, na mpishi aliitikia tu.

Embe, hata hivyo, si mzaliwa wa nchi ile. Asili yake ni Bara Hindi, nalo lilivuka bahari zamani sana, maana msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alisimulia kwamba aliandaliwa maembe pamoja na tangawizi mbichi, achari ya ndimu na maziwa yaliyoganda, na kwamba aliletewa pia ndizi zilizopikwa katika maziwa. Kutoka pwani lilipanda bara kwa miguu ya watu. Miembe mikubwa inayosimama Bagamoyo, Tabora na Ujiji ni alama ya njia ile ambayo haijafutika; na waliopita chini ya vivuli vyake walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira na kwa fahari, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili, na, katika minyororo, mateka ambao hawakuwa na hiari hata ya kuchagua mahali pa kupumzika. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, njia hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa. Sisemi kwamba anayemenya embe Choma imempasa kulia. Nasema kwamba utamu unaoteleza kooni una nasaba yake, na kwamba katika nasaba hiyo yamo mambo ambayo ulimi hauna uwezo wa kuyaonja.

Sasa tukiangalie kinywaji chenyewe. Mwenye kutaka kiwe laini, kiwe na rangi ya kupendeza, na kiwe na protini ya kumtosha mtu mzima hadi adhuhuri, na ajue kwanza kwamba sifa hizi tatu hazitoki mahali pamoja. Rangi na utamu hutoka katika matunda, lakini matunda karibu hayana protini: ndizi moja ina gramu 1 hivi, na embe halizidi sana hapo. Protini hutoka katika maziwa, ambayo kikombe cha mililita 250 hutoa takriban gramu 8, na katika karanga, ambazo ukufi mmoja wa gramu 30 hutoa gramu 7 au 8 nyingine. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji kiasi cha gramu 50 kwa siku, basi bilauri moja ya namna hii humpa theluthi ya haja yake au karibu na hapo. Na hapa pana la ajabu ambalo halijulikani kwa kuonja: protini ya karanga ina upungufu wa laisini, mojawapo ya zile asidi amino ambazo mwili wa mwanadamu hauwezi kujiundia, ilhali maziwa yana laisini kwa wingi, hivyo viwili hivi vikikutana, kimoja huziba pengo la mwenziwe.

Maziwa na yachemshwe, kwani maziwa mabichi huweza kubeba homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe. Kisha yaachwe yapoe, au, bora zaidi, yagandishwe yawe mtindi, kwa kuwa watu wazima wengi hawaimudu sukari ya maziwa tumboni, na katika mtindi sehemu ya sukari hiyo huwa imekwisha kugeuka uchachu. Karanga zikaangwe, zipetwe maganda, zitwangwe kinuni hadi zitoe mafuta na kushikamana, maana karanga iliyotupwa nzima katika blenda huacha chenga zinazokwaruza ulimi, na mtu aliyeahidiwa kinywaji laini akakuta chenga huona amedanganywa katika jambo la kwanza, hata awe amependezwa na mengine yote. Maembe ya kienyeji yana nyuzi nyingi ambazo visu vya blenda huzikata bila kuzimaliza. Heri kuyakamua kwa mkono na kuyapitisha katika chujio kabla ya lolote jingine. Ndizi iliyoiva hata ganda lake likaingia madoa ndiyo inayoleta ule ulaini unaopakaza mdomo, kwa kuwa wanga wake umegeuka sukari na nyama yake imelegea. Unga wa ubuyu, ukitiwa kijiko kimoja, hutoa uchachu na vitamini C. Lakini ukitiwa katika maziwa ya moto huyakata yakawa mabonge, ilhali katika mtindi, ambao umekwisha kuganda, hauna la kuharibu.

Katika blenda hutangulia kilicho majimaji, hufuata kilicho laini, na kigumu huja mwisho, ili visu vipate pa kuzungukia. Ukianza na kigumu, mashine hulia bure, hewa ikavizunguka visu na pasiwe na kinachosogea. Umeme ukikatika, nao hukatika, kinu na mchi na upekecho hufanya kazi hiyohiyo kwa jasho zaidi. Asali ya miombo ya Tabora haidai mashine: hutiwa mwishoni na kukorogwa, kwa kiasi, kwani embe lililoiva mtini halina haja ya msaada mkubwa.

Juu ya rangi wengi hukosea kwa pupa. Hudhani kwamba rangi zikizidi, uzuri huzidi; wakatia pamoja embe la manjano, parachichi la kijani na bitiruti nyekundu, wakapata rangi ya tope la Manonga mwezi wa Machi. Choya nayo, ambayo wekundu wake hutegemea uchachu, ikiingia katika maziwa hupoteza ule mng'ao, ikawa na rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mwenye busara huchagua rangi moja itawale, au hufanya kama wafanyavyo wauza juisi wa mijini, ambao husaga kila tunda peke yake na kulimimina kwa mgongo wa kijiko juu ya jingine, zito likikaa chini na jepesi juu, hata bilauri ikawa na matabaka ya kijani, manjano na nyekundu ambayo mnywaji huyaona yote kabla ya kuyaonja. Hiyo ni kazi ya mikono mitulivu, na nakiri naipenda kuliko ile nyingine, kwa sababu ambayo si ya macho tu na ambayo nitaieleza.

Je, kilichomo ndani ya bilauri ni kimoja au ni vingi? Aristotle, katika kitabu chake juu ya kuzuka na kuharibika kwa vitu, alikataa kulipa jina la mchanganyiko rundo la ngano na shayiri ambamo kila punje hubaki punje. Akaongeza kwamba, kama kuchanganya ni kusaga hadi vipande visionekane tu, basi mchanganyiko huo ni wa udhaifu wa macho yetu, na Lynceus, yule wa hadithi za Kiyunani aliyesifika kwa ukali wa kuona, angetazama na kusema kwamba hapana kilichochanganyika. Kwake yeye mchanganyiko wa kweli ni ule ambao viungo vimeathiriana hata kikatokea kitu kipya chenye umoja wake, na nguvu za viungo vile zikabaki ndani yake. Tone la divai katika vipimo elfu kumi vya maji, alisema, halichanganyiki, bali huwa maji. Katika karne iliyofuata Chrysippus, imamu wa Wastoa, alimpinga kwa ujasiri mkubwa, akashika kwamba tone moja la divai huweza kuenea katika bahari nzima. Kisha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishika kwamba sura za asili za viungo husalimika katika mchanganyiko, na kwamba zinazopunguzana ukali ni sifa zao tu. Naye Ibn Rushd, katika karne ya 12, hakuridhika, akasema kwamba sura zenyewe hudhoofika.

Mtu asiyependa mabishano atasema kwamba mabwana hawa walipoteza wakati. Lakini nenda nao hadi kwenye bilauri ya Choma, uone jinsi kila mmoja anavyopata sehemu yake. Yale matabaka ya rangi ni ngano na shayiri ya Aristotle: ujirani, wala si mchanganyiko. Mtindi, embe na karanga vilivyosagwa pamoja dakika hii ni ule mchanganyiko ambao Lynceus angeukana, na leo hatumhitaji Lynceus, kwa kuwa darubini ya maabara ya shule huonyesha matone ya mafuta ya karanga yakielea mbalimbali na nyuzi za embe. Ama mtu akisaga papai pamoja na maziwa, akayaacha hadi jioni, atapata mchanganyiko wa kweli kwa masharti yote ya Aristotle, kwa maana papai, hasa lisiloiva sawasawa, lina kimeng'enya kiitwacho papeni ambacho huzikata protini za maziwa vipande vipande, na kitokeacho ni kitu kipya kabisa, chenye umoja wake na ladha yake. Ladha hiyo ni uchungu. Nanasi bichi nalo hufanya vivyo hivyo. Kumbe umoja uliotimia si lazima uwe mtamu, na wale wanaohubiri umoja wa kila kitu na kila mtu, bila kuuliza kitakachozaliwa, wangefaa kwanza kuachiwa bilauri ya papai na maziwa mpaka magharibi.

Mimi, ikiwa lazima nichague, namwelemea Ibn Sina, kwa sababu tumbo humshuhudia. Tumbo halidanganyiki na ulaini. Huifungua kazi yote ya visu, likaitenga laisini ya maziwa, mafuta ya karanga na sukari ya embe, na kupeleka kila kimoja mahali pake, kana kwamba havikupata kukutana. Kwa hiyo kinachofichwa na blenda hufichwa macho na ulimi, wala hakifichwi mwili. Na hapo ndipo swali linapoacha kuwa la wanafalsafa peke yao na kuingia katika dini.

Katika sura ya Nahl, kuanzia aya ya 66 hadi ya 69, Qurani inataja mfululizo maziwa, matunda ya mitende na mizabibu, na asali, yaani karibu viungo vyote vya kinywaji chetu; na mpangilio wake umenishughulisha tangu nilipouona. Maziwa yanatajwa kuwa muujiza wa kutenga: kati ya mavi na damu yanatoka safi, yenye kuwashukia wanywaji kwa wepesi. Asali inatajwa kwa njia iliyo kinyume: nyuki anaamrishwa ale katika matunda ya kila namna, na kutoka katika wingi huo kinatoka kinywaji cha rangi mbalimbali chenye shifaa. Basi Muumba anaonekana hapo akitenga na akichanganya, na vyote viwili vinahesabiwa kuwa ishara kwa wenye kufikiri. Matunda yanakaa katikati, nayo ndiyo pekee ambayo humo yanaambiwa kwamba wanadamu hutengeneza kwayo kilevi na riziki njema pia. Yaani mkono wa mtu uingiapo, njia huwa mbili. Sijui kama mfasiri yeyote alilifikiri jambo hili akiwa jikoni, lakini jikoni lina haki yake katika tafsiri.

Mafakihi walilikuta suala hili kwa umbo la dhahiri kabisa. Imepokewa katika Hadithi Sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuloweka pamoja tende na zabibu, au tende mbichi na tende mbivu, katika maji ya kinywaji. Wanavyuoni wengi walieleza sababu: matunda mawili yakiwa pamoja huchachuka upesi, na kinywaji huweza kufikia kulevya kabla ya ladha kumtahadharisha mnywaji. Wafuasi wa Shafi, ambao ndio wengi wa Waislamu wa nchi zetu, waliona kwamba katazo hilo ni la makuruhu maadamu kinywaji hakijalevya. Wafuasi wa Malik walilikaza zaidi, na Abu Hanifa hakuona ubaya. Nisiwape wasomaji fatwa, kwani si kazi yangu, wala matunda yaliyosagwa na kunywewa papo hapo si suala lile. Ninachokitazama ni sababu waliyoitoa. Hawakusema kwamba kuchanganya ni dhambi kwa dhati yake, wala kwamba tende huchukizwa na zabibu. Walisema kwamba katika mchanganyiko huenda likapita jambo ambalo mnywaji halijui. Katazo lilimlinda mtu dhidi ya asichokiona.

Kwa Wakristo, ambao walifungua misheni ya Ndala, si mbali sana na Choma, mwaka 1896, kuchanganya kumo katikati ya ibada yenyewe: padri humimina maji kidogo katika kikombe cha divai kabla ya kukibariki. Cyprian, askofu wa Carthage aliyeuawa mwaka 258, alieleza katika barua yake mashuhuri kwamba divai ni Kristo na maji ni watu wake, na kwamba kama visivyoweza kutenganishwa tena vikisha kuchanganyika, ndivyo kanisa lisivyoweza kutengwa na Bwana wake. Ni fikira nzuri; na kanisa la Armenia, ambalo hutumia divai isiyotiwa maji, halikuona kwamba limepungukiwa. Lakini tazama kwamba hata hapo kuchanganya hufanyika mbele ya watu, kwa mkono unaoonekana, na kila aliyehudhuria anajua kilichotiwa.

Nami nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chakula kilichopakuliwa katika sinia hujitolea ushahidi: wali huonekana ni wali, samaki ni samaki, na asiyetaka samaki huacha samaki. Kilichosagwa kikawa kimoja kimenyang'anywa ulimi wake. Hakiwezi kusema kilitoka wapi wala kina nini. Ushahidi wote huhamia kwa mtu mmoja, naye ni aliyechanganya. Ndiyo maana wanadini walipotaka kufundisha uaminifu waliifuata mara kwa mara mifano ya vitu vilivyochanganywa. Imesimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Khattab, akizunguka Madina usiku, alisikia mama akimwamrisha bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza, na binti akakataa, akisema kwamba kama Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Na Umar akamwoza binti huyo mwanawe, na katika kizazi chake akatoka Umar bin Abdulaziz. Tena imepokewa kwamba Mtume aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikagusa umajimaji ndani, naye akamuuliza mwenye mali kwa nini asiuweke juu watu wakauona. Hakumwambia autupe uliolowa. Alimwambia auweke juu.

Kwa sababu hiyo nimesema naipenda bilauri ya matabaka. Ni rundo ambalo ndani yake pako juu.

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya msikitini yasiyo na kazi sokoni. Karanga zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiharibiwi na kukaangwa kiasi cha kuutegemea moto. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, upande wa mashariki. Karanga iliyo katika kiganja huweza kuchambuliwa: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, hutupwa. Karanga iliyo katika blenda imekwisha kupita kizuizi hicho. Asali na embe huufunika hata uchungu wake. Vivyo hivyo maziwa yaliyotiwa maji: aliyeyanunua mabichi na kuyachemsha huweza kuyashuku kwa utando wake mwembamba, lakini aliyepewa katika smuthi nzito ya ndizi hana njia. Na tusisahau wauzaji wanaoandika neno protini ukutani, ilhali ndani ya chombo mna matunda na maji na sukari. Huyo hakutia sumu. Amefanya ghushi kwa njia ya adabu zaidi, kwa kuwa mgonjwa aliyeambiwa na daktari ajenge mwili atakunywa, atashiba utamu, na atangoja nguvu ambazo hazikuwamo.

Zipo nchi nyingi za bara ambako mwenye kumkaribisha mgeni pombe au uji huonja kwanza mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, ndipo akampa. Wageni kutoka mbali huichukulia kuwa dalili ya shaka, wakadhani kwamba watu wa huko wanaishi katika hofu ya kulishana sumu. Mimi naiona kuwa ni adabu ya hali ya juu. Aliyeonja amekiri kwamba kinywaji hakiwezi kujisemea, akajitolea kukisemea kwa mwili wake.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza, nalo linanisumbua. Mama wa Choma mwenye mtoto aliyeachishwa ziwa, ambaye hataki maziwa wala mtindi lakini hulilia embe, husaga embe, akaficha humo mtindi na karanga, akampa. Mtoto hunywa na kunawiri. Je, huyo naye ameghushi? Mwenye kushika kanuni kwa ukali atasema ndiyo, kwa kuwa mnywaji hakujua. Siwezi kukubali. Mtoto hana hukumu juu ya chakula chake; hukumu hiyo Mungu ameiweka kwa mama, na mama hakuificha nafsi yake alichokitia. Lakini kibali hicho hakivuki kizingiti cha utoto. Mkwe aliyeona mzee wa nyumba anadhoofika, na mzee huyo anakataa karanga kwa sababu zinamwasha koo, au anakataa maziwa ya namna fulani kwa sababu ya mwiko wa ukoo wake ambao mkwe anauona ni upuuzi, hana ruhusa ya kumfichia katika embe, hata akiwa na nia safi kama ile ya mama. Hilo la koo linaweza kumwua. Na hilo la mwiko, hata likawa halina madhara yoyote mwilini, ni mtu mzima aliyenyang'anywa neno lake mwenyewe kwa hila ya utamu. Abishane naye mchana kweupe akitaka, amlete mganga wa hospitali, amlete shehe au padri. Kisha, akishindwa, amsagie embe na ndizi kwa maji.

Wazee wa huko, kwa bahati nzuri, hawasubiri falsafa. Mkwe akileta bilauri iliyojaa, rangi yake ya manjano ikipendeza na juu yake pana povu, akasema kwa heshima, "Karibu, babu, humu mna embe, mtindi, karanga na asali kidogo," mzee hushika bilauri kwa mikono miwili bila kuinywa.

"Karanga za lini?"

"Za mavuno haya, babu. Nimezichambua mwenyewe."

"Na mtindi, wa ng'ombe wa nani?"

"Wa shemeji. Maziwa yalichemshwa jana asubuhi."

"Na umekwisha kuonja?"

"Bado, babu."

"Basi onja, mama, kisha unipe."